Nani Hajarudi

Uchovu wa Skolastika haukuwa wa jana wala wa juzi. Ulikuwa umeshahamia kwake na vyombo vyake, ukapewa chumba. Aliamka nao, akakoroga nao uji, akamgeuza nao mumewe kitandani ili mgongo usiote vidonda, na alasiri, wanawake wenzake wa mtaa wa Nyasho pale Musoma walipotoka nje kusukana na kusengenyana kidogo, yeye alivuta kimeza hadi barazani, akamwaga domino juu yake, akakaa mbele ya Clementi wacheze.

Si kwamba alikuwa na hamu ya kucheza. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali ndiye aliyemwagiza. Kiharusi kilikuwa kimeuchukua upande wote wa kulia wa Clementi, mkono na mguu, na kikaondoka na maneno yake. "Mama, mchezeshe kitu anachokipenda," alisema yule kijana wa mazoezi, "usiuache na huo mkono wa kushoto ulale." Kitu alichokipenda Clementi kilikuwa domino, basi ikawa domino. Kila siku ambayo mvua haikupiga barazani, wawili wale walikaa wakatazamana juu ya kete, mmoja hawezi kusema, mwingine hana nguvu ya kusema.

Nimesema kiharusi kiliondoka na maneno yake, lakini kiliacha moja. Neno lenyewe lilikuwa "hajarudi." Ukimpa uji, hajarudi. Ukimuuliza kama anasikia baridi, hajarudi. Padri alikuja kumwombea, akamwekea mkono kichwani, Clementi akamtazama vizuri usoni na kumwambia hajarudi, padri akabaki hajui aitikie amina au afanyeje. Kichwa nacho alikitikisa kwa kila swali, ndiyo na hapana zikawa kitu kimoja, hata watu wakaacha kumuuliza.

Neno hilo lilimchoma Skolastika kuliko kubeba ndoo na kufua mashuka. Maana asiyerudi nyumbani mwao alikuwa anajulikana. Mtoto wao wa kwanza, Gabrieli, alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu huko Chunya, na tangu baba yake aanguke alikuwa amepiga simu mara za kuhesabika, kila mara akisema anakuja, kisha namba haipatikani. Kwa hiyo Clementi akisema hajarudi, Skolastika alimjibu jibu lilelile, kwa sauti ileile ya mtu anayebembeleza mtoto wa jirani.

"Atarudi, Baba Gabrieli. Atarudi tu."

Na hapo Clementi hukasirika. Hupiga meza kwa kiganja cha kushoto, kete zikaruka, akarudia neno lake kwa sauti kubwa zaidi, na mkewe akaona uchungu wa baba umemzidi. Binti yao Happyness, mwalimu wa shule ya msingi kule Bunda, alikuwa ameshalitolea neno hilo ufafanuzi. "Mama, lugha ni lugha. Ingekuwa ni kitu angesema haijarudi. Hajarudi ni mtu. Baba anamuulizia kaka." Mwalimu akishasema, nani abishe?

Basi siku moja bafuni, Skolastika akiwa amemkumbatia mumewe kiunoni ili amketishe kwenye kiti cha plastiki, mguu uliteleza kwenye sabuni. Walianguka wote. Yeye alikuwa chini, Clementi juu ya mkono wake, na maji ya ndoo yakawapitia. Alijaribu kumwinua akashindwa, akajaribu kujitoa akashindwa, mwisho akaacha kujaribu. Ukweli ni kwamba alipolala pale kwenye sakafu ya maji alisikia raha. Hakuna aliyekuwa akimtaka kusimama. Alifumba macho, na alipoyafumbua akakuta Clementi anamtazama kwa karibu sana, kama anasoma kitu usoni mwake. "Hajarudi," akasema, safari hii taratibu. Walikaa hivyo mpaka Isaya, fundi baiskeli wa jirani, aliposikia ndoo inabingirika bila mtu wa kuiokota akaja kubisha hodi.

Habari za kuanguka zilifika Bunda kwa Happyness, na kutoka Bunda zikafika Butiama kwa Burito, mdogo wake Clementi. Burito alikuwa mtu mzuri mwenye sauti kubwa. Alipiga simu, Skolastika akaiweka mbali kidogo na sikio.

"Shemeji, tukubali tu," alisema Burito. "Kaka hayupo. Kilichobakiaga pale ni mwili, na mwili unataka watu wa kuubeba. Kwangu vijana wapo wanne, mama yao Flora yupo, nyumba ina nafasi. Jumamosi nakuja na gari. Utakufa wewe kabla yake, halafu tutazika wawili."

Skolastika alijibu "sawa" kabla Burito hajamaliza. Lilimtoka haraka mno, na alipokata simu alisikia aibu ya haraka ile. Lakini aibu haikumzuia kuanza kuwaza kitanda. Aliwaza kulala ubavu hadi ubavu uchoke wenyewe. Akamtazama Clementi barazani, shingo imeegemea upande, akajiambia maneno ya shemeji yake: hayupo. Kama hayupo, hakuna anayeachwa. Alilishika wazo hilo kwa nguvu, kwa sababu bila hilo asingeweza kumfungia nguo zake.

Hapo zamani Clementi alikuwepo, tena sana. Alikuwa dereva wa malori ya pamba. Msimu ukifika, malori yalipanga foleni nje ya kiwanda kimoja cha kuchambua pamba pale Bunda, na foleni haikuwa ya saa moja. Dereva angeweza kunyolewa, kufua, kukausha na kuvaa kabla zamu yake haijafika. Wakisubiri, madereva walicheza domino chini ya turubai. Skolastika, msichana wa Kijita kutoka Bukima aliyekuja kumsaidia shangazi yake kupika, ndiye aliyewapelekea ugali na sato. Alipita nyuma yao na sahani, na mtu anayepita nyuma ya wacheza domino huona kete za kila mmoja. Aliona Clementi anavyoshinda. Aliona pia kwamba hakuwa akibahatisha.

"Unajuaje alichonacho mwenzio?" alimuuliza siku moja, akimwekea sahani. "Unahesabuga?"

"Sihesabugi," akasema Clementi. "Kwetu hatuhesabu."

Akamweleza, na maelezo hayo ndiyo yaliyozaa ndoa. Wengine huolewa kwa sababu ndogo zaidi. Kwao Butiama, alisema, ng'ombe hawanyooshewi kidole wakahesabiwa. Ukihesabu umeita balaa. Jioni baba yao alisimama langoni mwa zizi, mifugo inaingia, naye hakuuliza wangapi. Aliuliza, kwa Kizanaki chao, nani hajarudi. Na wewe mtoto uliyechunga ulitakiwa uone, si kwa hesabu ila kwa sura, kwamba yule mweusi mwenye pembe iliyopinda hayumo. Aliyepo hukusumbua kwa sababu unamwona. Kazi ni kumwona asiyekuwepo.

"Kete nazo ni hivyohivyo," alisema, na akazigeuza zote zilale chali mezani. "Kila namba ina kete saba. Watano hawa hapa, yaani kete zote zenye tano, wanarudi nyumbani mmojammoja. Wewe usitazame waliofika. Jiulize nani hajarudi. Kama hayuko mezani, na hayuko mkononi mwako, basi yuko mahali, na mahali penyewe si pengi."

Skolastika alicheka kusikia kete zinaitwa watano na wanarudi nyumbani, mtu mzima na lori lake anaongea hivyo. Kijita chake na Kizanaki cha Clementi havikuelewana sawasawa, kwa hiyo ndoa yao ilikaa kwenye Kiswahili, na katika Kiswahili cha nyumba ile kete hazikuwahi kuwa vitu. Zilikuwa na macho na miguu. "Dabo sita huyu mvivu," Skolastika alizoea kusema, "kila siku anarudi wa mwisho." Miaka ikapita, Musoma wakajenga, watoto wakakua na kwenda shule kujifunza kwamba kete ni hii na hizi, na domino lenyewe likakaa kabatini kwa muda mrefu, kwa sababu Clementi alikuwa safarini na Skolastika alikuwa na maisha ya kuendesha. Yale mazungumzo ya turubai alikuwa ameyasahau. Mtu akichoka husahau hata alichokipenda.

Alhamisi, siku mbili kabla ya gari la Burito, walikaa barazani kama kawaida. Wakicheza wawili kila mmoja huchukua kete saba, na zinazobaki hulazwa kifudifudi pembeni. Asiye na pa kucheza huokota pale mpaka apate, na zikiisha, asiye na pa kucheza hugonga meza kwa kidole kuonyesha kwamba amepitwa. Skolastika alicheza akisinzia. Tangu mwanzo wa ugonjwa alikuwa na mtindo wake: alimwachia mumewe ashinde. Haikuwa kazi ngumu. Alificha kete nzuri, akagonga meza kana kwamba hana kitu, na Clementi akapata mchezo. Aliona ni huruma. Pia mchezo uliisha mapema zaidi, na hilo sitalificha.

Siku hiyo kete za kuokota zilikuwa zimekwisha. Mstari ulijikunja kuizunguka meza yote, na ncha zake zote mbili zilikuwa na tano. Watano sita walikuwa wamelala mezani. Wa saba, dabo tano, yule mwenye tano pande zote mbili, alikuwa mkononi mwa Skolastika pamoja na kete nyingine ndogo. Angemcheza, mchezo ungefunga, yeye akiwa na nukta kiduchu mkononi, na angeshinda. Badala yake aligonga meza. Aka­subiri Clementi naye agonge, wahesabu nukta, dabo tano amlemee, mume ashinde, chai ichemshwe.

Clementi hakugonga. Alizitazama kete za mezani, akapeleka kidole chake cha kushoto juu yao. Akamgusa tano wa kwanza. Akamgusa wa pili. Polepole akawagusa wote sita. Kisha akagusa pale mahali pa kete za kuokota, palipokuwa patupu. Kisha akazigeuza kete zake mwenyewe, akamwonyesha mkewe kwamba hakuna tano hata mmoja.

"Hajarudi," akasema.

"Atarudi, Baba Gabri—"

Clementi alinyoosha mkono kuvuka meza, akagonga kwa ukucha mgongo wa kete ya kushoto iliyosimama mbele ya mkewe. Ndiye. Dabo tano mwenyewe.

"Hajarudi," akarudia, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeibiwa kwa muda mrefu na leo amemshika mwizi.

Usingizi ulimtoka Skolastika. Akageuza dabo tano, akamlaza mahali pake. Ile baraza ya turubai kule Bunda ikamrudia yote, harufu ya pamba na sato, na sauti ya kijana mwenye lori. Aliyepo hukusumbua kwa sababu unamwona. Akakumbuka jinsi Clementi alivyopiga meza siku zote hizi. Alikuwa anapiga lini? Alikuwa anapiga kila baada ya yeye kugonga kwa uongo. Mwanamume huyu alikuwa anafuatilia kila kete tangu mwanzo, alijua kila mchezo aliotupiwa kama mfupa, na alikuwa anamwambia hivyo kwa neno pekee alilobakiwa nalo, na yeye alikuwa anamjibu habari za Gabrieli.

Inawezekana siku nyingine alimaanisha Gabrieli kweli. Ana neno moja, nalo linafanya kazi za maneno yote. Lakini pale mezani alikuwa anaongea na mkewe, na mkewe alikuwa hayupo.

Skolastika alilia. Ningependa kusema alilia kwa furaha, maana ndivyo inavyopendeza kusimuliwa, ila haikuwa hivyo. Alilia kwa sababu alikuwa ameshapanga kulala. Kama Clementi hayupo, Jumamosi angekabidhi mwili kwa watu wenye nguvu na kuingia kitandani. Sasa yupo. Nani anaweza kumpakia mume wake garini kama gunia la pamba, huku mume anamtazama na kuelewa kila kitu? Alimchukia kidogo kwa kuwepo. Halafu akachanganya kete upya, wakacheza tena, na mara hii alicheza kwa nguvu zake zote, akashindwa kihalali.

Ijumaa hakumwambia mtu. Alikunja mashati ya Clementi, akayaweka kwenye begi, akayatoa, akayaweka tena. Happyness alipopiga simu kuuliza baba anaendeleaje, alisema anaendelea vizuri. Lilikuwa jambo la kinywa chake tu. Yeye peke yake ndiye aliyejua, na akinyamaza, hakuna atakayekuja kumlaumu. Tena watamsifu kwa uvumilivu wake. Alilipima jambo hilo mchana kutwa, na siwezi kumpamba: mizani ililala zaidi upande wa kunyamaza.

Jumamosi walifika kabla jua halijakuwa kali, Burito ndani ya koti zito na Happyness na kikapu cha ndizi, na dereva akabaki ndani ya gari na redio yake. Burito alimsalimia kaka yake kwa Kizanaki, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto, na bila kusubiri chochote akaanza kuongea juu ya kichwa chake.

"Godoro linakuja au linabaki? Flora amesema lipo lingine. Hiki kiti nacho tubebe. Miguu tutaikunja hivi, nyuma kule atalala vizuri."

"Baba dawa zake ziko wapi, mama?" aliuliza Happyness.

"Ziko kwenye begi," alisema Skolastika akiwa jikoni, akimimina chai asiyokuwa na nia ya kuinywa. Alikuwa ameamua. Angenyamaza. Aliichukua chai yake akatoka nayo barazani, akaiweka kwenye kimeza, ili mikono ipate kitu cha kufanya.

Burito aliinama, akapitisha mikono chini ya makwapa ya kaka yake. Clementi hakupiga kelele wala hakujivuta. Alinyoosha kidole cha kushoto, akagonga mkono wa kiti. Ko, ko.

Hakuna mwingine aliyesikia kitu pale. Skolastika alisikia. Huyo ni mtu aliyepitwa na zamu, ila bado yumo mchezoni.

"Shemeji, mwachie kwanza," akasema, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe. "Hajaulizwa."

Burito alimwachia. "Aulizwe nini, shemeji? Aulizwe ajibu hajarudi?"

"Baba yenu jioni pale langoni, ng'ombe wakiingia, alikuwaga anasemaje?"

Burito alisimama na koti lake, akafikiri, kisha akasema maneno hayo kwa Kizanaki.

"Sasa yaseme kwa Kiswahili," alisema Skolastika.

Burito alikuwa ameshayaelewa. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akamtazama kaka yake kana kwamba amefika sasa hivi. Skolastika alimwaga domino, akazilaza kete zote chali. "Mpeleke macho kule kwenye gari, Happyness," akasema. Happyness akamgeuza baba yake kidogo, na Burito akaiba kete moja akaitia mfukoni mwa koti. Wakamrudisha. Clementi alizitazama kete kwa muda mrefu, hata dereva akazima redio. Kisha kidole chake kikaenda kwenye nukta nne za kete moja, kikaenda kwenye nukta mbili za nyingine, kikanyooka hadi kwenye mfuko wa Burito.

"Hajarudi."

Burito aliitoa. Nne upande mmoja, mbili upande wa pili. Aliishika kiganjani, akairudisha mezani mbele ya kaka yake.

"Kwa hiyo alikuwa anasema haijarudi," alisema Happyness, machozi yakimshuka. "Mimi nilisema ni mtu."

"Shuleni kwako ni haijarudi," alisema mama yake. "Kwa baba yako ni hajarudi. Hukukosea sana."

Burito alipiga magoti mbele ya kiti. Sasa aliongea Kizanaki taratibu, kama mdogo anavyoongea na kaka, na ingawa Skolastika hakushika kila neno alijua anaomba radhi na kuuliza. Kisha akarudia kwa Kiswahili ili wote wasikie. "Kaka, nyumbani Butiama tunakutaka. Ukikataa, narudi na gari tupu, na sitanuna. Ni wewe useme."

Skolastika alichukua kete mbili. Dabo sita akamweka upande wa kulia wa kimeza, kete tupu isiyo na nukta akaiweka kushoto. "Huyu ni Butiama," akasema. "Huyu ni hapa na mimi. Cheza."

Alikuwa na uhakika. Alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya gauni ili alirudishe begi chumbani na kurudi kwenye ndoo zake, na moyo wake ulikuwa mzito na mkunjufu kwa pamoja. Clementi hakuzitazama kete. Alimtazama mkewe. Alimtazama macho yaliyoingia ndani, mabega, ule mkono aliouangukia bafuni ambao Skolastika bado hakuweza kuunyoosha vizuri. Alimtazama vilevile kama siku ile kwenye sakafu ya maji. Kisha akaweka kidole juu ya dabo sita, akamsukuma hadi kwa Burito.

"Umekosea," alisema Skolastika. "Huyo ni Butiama, Baba Gabrieli."

Clementi alimrudisha dabo sita, akamsukuma tena, palepale.

Alitaka kumtikisa. Nimekupigania mbele ya ndugu zako, nimekurudisha kwenye watu, na kitu cha kwanza unachokifanya na utu wako ni kuniacha? Alilisema hilo kwa macho tu, na Clementi akalipokea kwa macho bila kuyakwepa. Kisha alizikusanya kete mwenyewe. Happyness alitaka kumsaidia, akamsukuma mkono. Moja baada ya nyingine aliziangusha ndani ya mfuko wa kitambaa, akisogeza kikombe cha chai kilipomzuia, na wote walisimama wakingoja kana kwamba ni misa, vichwa vimeinama.

Safari hii Burito hakumwinua kabla ya kumwambia. Walimlaza vizuri, wakampa mto na mfuko wake wa domino. Gari lilipogeuka, Skolastika aliuona mkono wa kushoto dirishani, na Happyness, aliyekwenda nao kumsaidia baba yake njiani, alipunga wa kwake. Skolastika aliingia ndani, akafunga mlango kwa komeo, akavua viatu, na akalala na gauni lake.

Alilala kama ambavyo hajalala tangu ugonjwa uanze. Aliposhtuka usiku kumgeuza mtu, alikuta shuka tupu, akahuzunika kidogo, akageuka yeye. Kengele za kanisa la Jumapili zilimpitia, jirani akabisha hodi akaacha, jua likapanda ukutani. Alipoamka kabisa, mwili ulikuwa unamuuma mahali pengi kuliko alipokuwa akifanya kazi, na alisikia nafuu, na aliona haya kwa nafuu hiyo, na nafuu haikuondoka kwa kuonewa haya.

Alitoka barazani kuondoa vyombo. Kikombe cha chai ya jana kilikuwa palepale kwenye kimeza, chai imeota utando, inzi mmoja amezama. Alipokinyanyua, chini yake alikuta kete. Ilikuwa imelala kifudifudi. Hakuigeuza mara moja, kwa sababu alishaijua.

Dabo tano.

Simu ililia ndani. Ilikuwa ni Burito, na sauti yake ilikuwa imerudi ukubwa wake.

"Umeamkaje, shemeji? Huku hatujambo. Kaka amekula vizuri. Ila tangu jana jioni tunacheza na vijana, kila mchezo anapiga meza, hajarudi, hajarudi. Tumepekua gari, tumepekua begi, mpaka godoro tumelipiga. Hatujui anatuambia nani."

Skolastika aliketi kwenye kiti cha Clementi. Kete ilikuwa kiganjani mwake, bado ina ubaridi wa kikombe. Mzee mjanja yule. Alikuwa amejua atanyanyua kikombe. Alikuwa amejua pia kwamba atakinyanyua baada ya kulala, si kabla.

"Yuko huku," akasema. "Ninaye mimi."

"Nani?"

"Mwambie kaka yako atarudi. Nitamleta mwenyewe, kwa mkono wangu." Akapiga miayo mirefu, ambayo bila shaka ilisikika hadi Butiama. "Lakini si leo, shemeji. Mwambie leo bado nalala."